Lango la Mtaa na Haki ya Njia

Jeshi la Wafaransa lilipoingia Kairo mwishoni mwa Julai 1798, likiongozwa na jemadari kijana Napoleon Bonaparte, liliukuta mji ambao ulikuwa ukijifunga wenyewe kila usiku. Baada ya sala ya Isha maduka yalikuwa yamekwisha fungwa, na malango ya mbao ya mitaa yalisukumwa yakakutana, yakatiwa makomeo, na nyuma ya kila lango akalala bawabu. Aliyechelewa kurudi kwake alibisha, akajitaja, akafunguliwa. Asiyejulikana aliulizwa anakwenda kwa nani. Hivyo ndivyo mji wenye watu wapatao laki mbili na nusu ulivyogawanyika kila usiku ukawa vijiji vingi vilivyopakana ukuta kwa ukuta, na alfajiri, malango yakifunguliwa, ukawa mji mmoja tena.

Wafaransa hawakuyapenda malango hayo, wakayang'oa. Kisa cha kung'olewa kwake ni kifupi, wala hakikubadili mkondo wa vita. Hata hivyo kinastahili kusimuliwa leo, zama ambazo miji mingi, toka Afrika ya Kusini hadi Afrika ya Mashariki, inatia upya vizuizi, mageti na walinzi katika njia zilizokuwa wazi. Swali walilobishania watu wa Kairo na wavamizi wao miaka zaidi ya mia mbili iliyopita lingali liko mezani: njia ni mali ya nani, na nani ana haki ya kuifunga?

Kairo, kama mji wa Wafatimi, uliasisiwa mwaka 969. Tangu mwanzo ulikuwa mji wa mafungu. Vikosi vilivyokuja na watawala wapya, na vilivyoajiriwa baadaye, kila kimoja kilipewa eneo lake la kukaa, na eneo hilo likaitwa hara. Palikuwa na hara ya Zuwayla, iliyochukua jina la kabila la Waberberi. Palikuwa na hara ya Warumi, na ya Wadaylam, na nyinginezo. Karne zikapita, vikosi vikasahauliwa, majina yakabaki. Mwanahistoria al-Maqrizi, aliyefariki mwaka 1442, aliyaorodhesha majina hayo na kueleza asili ya kila moja, kwani hata katika zama zake wakazi wengi walikuwa hawajui tena mtaa wao ulipataje jina.

Kufikia karne ya kumi na nane hara ilikuwa mtaa wa watu wa kawaida: wachuuzi, mafundi, masheikh, wajane, na matajiri wachache katikati yao. Mpango wake ulifanana na mti. Kutoka njia kuu ilitoka njia ndogo, na kutoka hiyo vikatoka vichochoro, na kutoka vichochoro vikatoka vijia visivyopita, vinavyoishia katika mlango wa mtu. Kinywani mwa hara palikuwa na lango moja, pengine mawili. Mtaa ulikuwa na sheikh wake, aliyejibu mbele ya watawala kuhusu kodi, ugomvi na wageni. Mtu akiibiwa, sheikh aliulizwa. Mtu akifiwa, mtaa mzima ulifiwa. Lango lilikuwa alama ya dhamana hiyo: waliolala nyuma yake walikuwa wamedhaminiana.

Msomaji wa pwani hatauona mji huo kuwa mgeni. Neno mtaa la Kiswahili lina maana iliyo karibu sana na hara, na mwenye kupita katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, au vya Lamu, anakijua kile kijia kinachoanza kwa upana wa punda wawili na kuishia katika kizingiti cha nyumba ya mtu. Huko Lamu sehemu ya kusini ya mji huitwa Langoni, na jina lenyewe lamtajia lango hata asiyeliona. Katika magofu ya Gede kuta za mji zinaonekana mpaka leo. Isitoshe, Kiswahili kilikwenda mbali zaidi, kikalifanya neno mlango lichukue maana ya ukoo: watu wa mlango mmoja ni watu wa nasaba moja. Na mlinda mlango wa Kairo, bawwab, ni yule yule bawabu wa Waswahili. Bahari imechukua mengi kati ya pwani mbili hizi, na miongoni mwa yaliyochukuliwa ni hili wazo kwamba mlango huanza kwa watu kabla ya kuwa mbao.

Lakini hara haikuwa na ruhusa ya kufunga njia yoyote iliyotaka. Hapa ndipo palipo kiini cha jambo. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu walizigawa njia mafungu mawili. Kuna njia ipitayo, yaani iliyofunguka pande zote mbili. Hiyo ni haki ya kila apitaye, Mwislamu na asiye Mwislamu, mwenyeji na mgeni, na hapana mtu awezaye kuimiliki, wala kuijengea kitu chenye kuwadhuru wapitao. Na kuna njia isiyopita, kile kichochoro kilichozibwa upande mmoja. Hiyo huhesabiwa kuwa shirika la wenye nyumba ambazo milango yake imeielekea. Kwa kuwa ni yao kwa shirika, hakuna mmoja wao awezaye kufungua mlango mpya ndani yake au kutokeza roshani juu yake pasipo ridhaa ya wenzake. Kanuni kubwa iliyosimamia yote hayo ni ile inayojulikana na kila aliyepita chuoni: kusiwe na kudhuru wala kudhuriana.

Juu ya sheria palikuwa na adabu. Mafundisho ya Mtume kuhusu wanaoketi njiani yanajulikana sana pwani: ikiwa hapana budi watu waketi, basi wailipe njia haki yake, wainamishe macho, waondoe udhia, waitikie salamu. Kumwondolea mpita njia kinachomkera kumehesabiwa kuwa tawi la imani. Kwa fikra hiyo njia ina haki kama mtu alivyo na haki, na mtaa unapotia lango hautakiwi kusahau kwamba kuna mdai wa tatu, ambaye hana nyumba hapo, lakini ana safari.

Lango la hara, basi, lilikuwa mapatano kati ya madai mawili. Mchana lilikuwa wazi, na njia ikapata haki yake. Usiku lilifungwa, na jirani akapata usalama wake. Na hata lilipofungwa palikuwa na mtu wa kuamka na kufungua.

Bonaparte aliyatazama malango hayo kwa jicho la askari. Kila hara iliyoweza kufungwa iliweza kugeuzwa ngome, na jeshi lenye mizinga na farasi lisingeweza kwenda kwa haraka katika mji wenye malango kila baada ya hatua chache. Mbali na hayo, watawala wapya walikuwa na namna yao ya kuufikiria mji. Waliugawa Kairo kwa sehemu nane, wakaamrisha njia zifagiwe, na taa ziwashwe usiku mbele ya nyumba na maduka. Machoni mwao mji mwema ulikuwa mji ulio wazi, wenye mwanga, unaopitika na kuhesabika. Amri ikatoka kwamba malango yavunjwe.

Anayesimulia habari hii kwa upande wa wenyeji ni Abd al-Rahman al-Jabarti, mwanachuoni aliyezaliwa Kairo mwaka 1753, ambaye ukoo wake ulitoka Jabart, katika pembe ya Afrika, nchi za nyuma ya bandari ya Zaila. Wazee wake kwa vizazi kadhaa waliisimamia riwaki ya wanafunzi wa Kijabarti katika msikiti wa al-Azhar, na babake alisifika kwa elimu ya hesabu na falaki. Al-Jabarti aliyaona mambo kwa macho yake na kuyaandika kwa mpangilio wa siku na miezi. Hakuwa mpiga kelele. Aliwasifu Wafaransa walipostahili, hasa kwa kupenda kwao vitabu na elimu, na aliwalaumu watu wa mji wake mwenyewe pale alipowaona wamekosa busara.

Kwa hiyo maneno yake juu ya malango yana uzito. Aeleza kwamba askari walipita mitaani wakiyang'oa malango ya njia na vichochoro, na kwamba mbao zake zilikusanywa, nyingine zikaishia kuwa kuni. Tena aeleza hofu iliyowaingia watu. Uvumi ulienea kwamba Wafaransa wanataka kuwachinja Waislamu wakiwa katika sala ya Ijumaa, na kwamba ndiyo sababu wanaondoa kila kinachoweza kufungwa. Uvumi huo haukuwa na msingi. Lakini mtu akitaka kujua lango la mtaa lilikuwa na maana gani kwa aliyelala nyuma yake, hana haja ya ushahidi mwingine. Mbao zilikuwa kuukuu, na mwizi hodari angeweza kuzipanda. Hata hivyo zilipoondoka, watu walijiona uchi.

Mnamo tarehe 21 Oktoba 1798 Kairo ikaasi. Chanzo cha karibu kilikuwa kodi mpya juu ya nyumba na mali, na nyuma yake palikuwa na mrundikano wa machungu mengi. Jenerali Dupuy, aliyekuwa msimamizi wa mji, aliuawa njiani. Waasi walijikusanya katika mitaa ya kandokando ya al-Azhar. Malango hayakuwapo tena, basi walitafuta kingine cha kuzibia njia, wakakipata mbele ya maduka yao. Kila duka la Kairo lilikuwa na mastaba, yaani kiti cha mawe kilichojengwa mbele yake, ambapo mwenye duka huketi, mteja huketi, na mpita njia aliyechoka huketi. Waasi walizibomoa mastaba hizo, wakayapanga mawe yake katikati ya njia.

Mastaba hizo ndizo ambazo Mswahili angeziita baraza.

Mizinga ikapigwa kutoka Ngomeni na vilima vya jirani, ikielekezwa al-Azhar. Kwa siku mbili mji ukawaka. Wafaransa waliingia msikitini na farasi zao, jambo ambalo al-Jabarti alilisimulia kwa uchungu usiofichika. Makadirio ya Wafaransa wenyewe yaliwahesabu wenyeji waliokufa kuwa baina ya elfu mbili na elfu tatu, na masheikh kadhaa waliuawa baada ya utulivu kurudi. Kisha ikaja amri ya pili. Baraza za mawe mbele ya maduka zibomolewe, ili njia zipanuke, na ili yasipatikane tena mawe ya kuzizibia.

Mfuatano wa amri hizo mbili unastahili kuangaliwa. Kwanza liliondolewa lango, ambalo kazi yake ilikuwa kufunga. Kisha ikaondolewa baraza, ambayo kazi yake ilikuwa kupokea. Mtawala aliyeanza kwa kutaka njia ziwe wazi aliishia kwa kuondoa mahali ambapo watu walikutana katika njia hizo. Njia ilibaki wazi kwelikweli, lakini ilikuwa wazi kwa gari la mzinga kuliko ilivyokuwa kwa mtu aliyetaka kuketi na jirani yake. Anayepigania njia zisizo na vizuizi, na madai yake mara nyingi ni ya haki, haifai alisahau fundisho hili: uwazi nao unaweza kuwa chombo cha mwenye nguvu.

Wafaransa waliondoka Misri mwaka 1801. Malango yakarudi. Mwingereza Edward William Lane, aliyeishi Kairo katika miaka ya 1820 na tena ya 1830, na kitabu chake juu ya desturi za Wamisri kikatoka mwaka 1836, aliyakuta yakiwa mahali pake: lango la mbao katika ncha za vijia, likifungwa usiku, na bawabu ndani yake, tayari kumfungulia mwenye haja. Aliyetembea usiku alitakiwa kuwa na taa mkononi. Kizazi kimoja baada ya amri ya Bonaparte, mtaa ulikuwa umejirudishia ulichonyang'anywa, bila ya vita na bila ya tangazo.

Kilichoyaondoa malango hayo hatimaye ni mabadiliko ya mji wenyewe. Muhammad Ali na warithi wake walitaka njia za magari ya farasi. Khedive Ismail, aliyetawala toka 1863 hadi 1879, aliutamani mji wa Paris, na waziri wake Ali Mubarak, aliyeuzuru mji huo mwaka 1867, aliisimamia kazi ya kuufanana. Njia iliyopewa jina la Muhammad Ali ilikatwa moja kwa moja katikati ya mji wa kale, urefu wake ukikaribia kilomita mbili, na mamia ya nyumba yakaanguka mbele yake. Polisi wa serikali walichukua kazi ya sheikh wa mtaa. Taa za gesi zilichukua kazi ya taa ya mkononi. Matajiri walihamia mitaa mipya ya magharibi, yenye njia pana zisizo na lango, na hara ikaachiwa wasio na pa kwenda. Lango lisilo na bawabu halina wa kulitengeneza. Likaoza, likaegemea ukuta, likawa kuni kwa mara ya pili.

Hara yenyewe haikufa. Naguib Mahfouz, aliyezaliwa mwaka 1911 katika mtaa wa Gamaliyya, ndani ya mji huo wa kale, aliifanya kuwa dunia ya riwaya zake, na mwaka 1988 dunia ya hara ikamletea Tuzo ya Nobel. Wanafunzi wa Unguja na wa mwambao waliokwenda kusoma Kairo katika miaka ya 1950 walivikuta vichochoro vile vikiwa na uhai wake, na vikiwa havifungwi.

Wakati Kairo ikipoteza malango yake, London ilikuwa ikiyapigania yake. Katika sehemu ya Bloomsbury, ardhi kubwa ilikuwa mali ya ukoo wa Bedford, na katika karne ya kumi na tisa makabaila hao walitia malango na walinzi katika baadhi ya njia za mitaa yao ili mikokoteni, mabasi ya farasi na msongamano wa watu wasiwasumbue wapangaji waungwana. Lakini stesheni za treni zikajengwa kaskazini yake, Euston mwaka 1837, kisha King's Cross na St Pancras, na maelfu ya watu wakawa wanalazimika kuzunguka kwa sababu ya malango ya mtu mmoja. Baraza la mji wa London, lililoundwa mwaka 1889, likaichukua kesi ya wapita njia. Sheria mbili za Bunge, ya 1890 na ya 1893, ziliyaondoa malango hayo. Tofauti na Kairo ni kubwa. Huko London lango lilitiwa na mwenye ardhi kwa faida ya thamani ya ardhi yake, na mchana ndipo lilipofanya kazi yake hasa, kwa kuwachagua wa kupita na wa kurudi. Halikuwa lango la watu waliodhaminiana. Na likaondolewa kwa sheria iliyojadiliwa hadharani, wala si kwa shoka la askari.

Mfano wa karibu zaidi katika zama hizi ni Johannesburg. Katika miaka ya 1990, hofu ya ujambazi ilipozidi, wakazi wa mitaa mingi ya kaskazini ya mji huo walianza kuzifunga njia za umma kwa mageti na vizuizi vya boriti, wakaajiri walinzi. Wengine waliomba ruhusa, wengine hawakuomba. Mwaka 1998 jimbo la Gauteng lilipitisha sheria iliyoruhusu jambo hilo kwa masharti, kwa muda maalumu unaoweza kuongezwa, huku njia yenyewe ikibaki kuwa ya umma. Maana yake, mlinzi hana haki ya kumzuia mtu kupita, wala ya kumlazimisha aoneshe kitambulisho. Lakini katika nchi ambayo Mwafrika alilazimika kubeba pasi mpaka sheria za pasi zilipofutwa mwaka 1986, mlinzi anayemwuliza mtembea kwa miguu anakwenda kwa nani huamsha kumbukumbu isiyolala fofofo. Tume ya Haki za Binadamu ya Afrika ya Kusini iliisikiliza hoja ya kila upande, na katika ripoti yake ya 2005 haikuziunga mkono njia hizo za kujilinda, ikionya kwamba zinawatenga watu na kuigawa jamii.

Si haki kuwacheka waliotia vizuizi hivyo. Wengi wao walikwisha vamiwa majumbani mwao, na serikali haikuwalinda. Watu wa Kairo walifanya hivyo hivyo kwa karne nyingi, na walifanya tena mbele ya macho ya dunia nzima. Usiku wa tarehe 28 Januari 2011, katika wiki ya kwanza ya mapinduzi, polisi walitoweka mitaani. Saa chache baadaye vijana wa kila mtaa walikuwa wamesimama kwenye vinywa vya vichochoro vyao wakiwa na fimbo, visu vya jikoni na mabomba ya chuma. Walizuia njia kwa meza, matairi na masanduku. Aliyefika aliulizwa jina na anakokwenda. Waliitwa kamati za wananchi, lakini mtu wa zama za al-Jabarti angewatambua mara moja: walikuwa mabawabu, na lango la hara lilikuwa limerudi kwa usiku mmoja, bila ya mbao.

Mwaka huo huo ukaleta kizuizi cha aina nyingine. Kuanzia Novemba 2011, baada ya mapambano ya njia ya Muhammad Mahmud, jeshi lilijenga kuta za matofali makubwa ya saruji kukata njia zinazoelekea wizara na Bunge. Ukuta wa saruji hauna bawabu. Hauulizi mtu anakwenda kwa nani, kwa kuwa haufunguki kwa yeyote. Wenye maduka walikosa wateja, na wakazi walizunguka mbali kufika nyumba walizokuwa wakiziona kwa macho. Mwezi wa Machi 2012 wasanii walizichukua kuta hizo wakazichora. Juu ya saruji walichora njia ile ile iliyozibwa, na majengo yake, na miti yake, na mbingu yake, hata aliyetazama kwa mbali akadhani anaweza kupita. Miaka iliyofuata kuta hizo ziliondolewa moja baada ya nyingine.

Historia ya mji mmoja, basi, imetoa aina tatu za kufunga njia. Liko lango la majirani, lililofungwa usiku na kufunguliwa alfajiri, likiwa na mtu wa kuitika. Liko shoka la mtawala, lililovunja lango kwa jina la uwazi ili jeshi lipite, kisha likarudi kuvunja baraza. Uko na ukuta wa saruji, ambao umewafunga wote, wa ndani na wa nje. Kwa aliye mbali zote zinaweza kuonekana kuwa habari ya njia tu. Kwa aliye karibu zinatofautiana kama mkono unaoshika mkono unavyotofautiana na mkono unaoshika koo.

Pwani ya Afrika ya Mashariki nayo haiko nje ya habari hii. Katika Dar es Salaam lugha ya vijana ilikwisha zaa msemo wa watoto wa geti kali, yaani wale wanaolelewa nyuma ya geti lisilofunguliwa ovyo, wasiojua mchezo wa mtaani wala jina la jirani. Msemo una dhihaka ndani yake, na una huruma pia. Lugha imetambua, kabla ya wapangaji wa miji, kwamba geti linamfunga hata aliyelitia. Na Kiswahili kina ushahidi mwingine wa zamani zaidi. Mgeni wa Kiswahili hagongi akanyamaza. Hupiga hodi, akangoja karibu. Hodi ni neno la mtu aliyeukubali mlango wa mwenzake, na karibu ni neno la mtu aliyekubali kwamba mlango umetiwa ili ufunguliwe. Maneno hayo mawili yalitosha kuendesha mitaa kwa vizazi.

Kwa hivyo wakazi wanapokutana leo kujadili kuifunga njia ya mtaa wao, masuala ya wanazuoni wa kale hayajapitwa na wakati. Je, njia hii yapita, au haipiti? Ikiwa haipiti, je, wote walioielekeza milango yao wameridhia, au wameridhia wenye magari tu? Ikiwa yapita, nani amemwuliza muuza maji, mtoto aendaye chuoni, mama aliyezoea kukatia hapo kwenda sokoni, na mbebaji wa jeneza? Lango litafunguliwa saa ngapi, na funguo zitakaa kwa nani? Je, aliyekabidhiwa kulilinda anawajua watu wa mtaa, au anazijua kadi zao tu?

Masuala haya hayahitaji fedha nyingi kuyajibu. Yanahitaji mahali pa kuketi na kuyazungumza kabla ya fundi wa chuma kuitwa. Katika Mji Mkongwe wa Unguja na katika Lamu mahali hapo pangalipo, pamejengwa kwa mawe na kupakwa chokaa mbele ya nyumba, na aliyepita jana jioni alipewa salamu kutoka hapo.